Ukiweza Kula, Lazima Ule

Kwenye bao hakuna ruhusa ya kushiba. Zamu yako ikifika, na kete yako inaweza kupiga shimo la mwenzio, utapiga, hata kama unaona wazi kwamba umetegewa. Sataranji haina amri hiyo. Mtu akikuachia farasi wake bure, una haki ya kumtazama, kuutilia shaka ukarimu wake na kupita. Drafti inayo amri ya kula, na sisi tuliokulia kwenye vibao vya kadibodi na vizibo vya soda tunaijua adhabu ya anayesahau. Ila kwenye drafti kilicholiwa hutolewa nje na habari yake ikaisha. Bao limekaa kivyake. Kilicholiwa hakitoki; kinaingia upande wa mlaji, kinasambazwa kwenye mashimo yake, na baada ya zamu mbili tatu kinaweza kuwa kimerudi kwa mwenyewe pamoja na wenzake wengi. Mchezo unaanza na kete 64 na unamalizika na kete 64. Mtu anashindwa wakati hakuna kilichopotea.

Mambo hayo mawili, ulazima wa kula na kutopotea kwa kinacholiwa, nilifundishwa Ihanja na mzee ambaye hakuwahi kuyatamka.

Nilipangiwa kazi huko mwaka 1997, mwalimu kijana wa shule ya msingi. Siku hizi Ihanja ni kata ya Wilaya ya Ikungi. Wakati ule Ikungi ilikuwa haijawa wilaya, na barua zetu zote ziliandikwa Singida Vijijini. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya uwele, mtama na alizeti, ya majabali yaliyokaa peke yake katikati ya mashamba, na ya kuku wa kienyeji wanaosafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam. Mvua ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukishapita, vumbi ndilo lenye mji. Mgeni asiye na ng'ombe wala shamba anakuwa na jioni ndefu sana.

Nilikuwa na ubao mdogo wa sataranji wa kukunja, wenye sumaku, ambao mwalimu wangu mmoja wa sekondari aliniachia alipohama. Nilikuwa nimejifunza kwa kitabu cha maktaba na kuwafunga wenzangu wengi chuoni. Ihanja nikawafundisha walimu wawili. Mmoja aliuchukia baada ya kupoteza malkia, mwingine alikuwa na mke na watoto, na anayejua sataranji anafahamu kwamba mchezo huo na watoto wadogo havikai nyumba moja. Kwa hiyo ubao ukabaki mezani, mpaka siku mzee mmoja aliyekuja shuleni kuulizia mjukuu wake alipousimamia kwa muda mrefu na kuuliza:

“Mwalimu, hawa wakishaliwa wanakwenda wapi?”

“Wanawekwa kwenye kisanduku, babu.”

“Hawarudi?”

“Hawarudi.”

Akatikisa kichwa. “Basi ni mchezo wa kumaliza watu.”

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba Wajapani waliliona jambo hilohilo na kulitafutia dawa. Sataranji yao, shogi, huchezwa kwenye ubao wa nyumba 81, na kila unachokamata kinakuwa chako: unakiweka mkononi na zamu yoyote unaweza kukirudisha uwanjani kikupiganie wewe. Laiti ningekuwa najua habari hiyo siku ile, ningemwambia mzee kwamba ana ndugu mbali. Badala yake nilimwambia kwamba sataranji ni mchezo wa akili kuliko yote duniani, naye akanikaribisha kwake.

Kibarazani kwake kulikuwa na bao la mti wa mninga, jeusi kwa mafuta ya mikono. Mashimo 32 kwa safu nne za nane nane, na shimo moja katika kila safu ya mbele lilikuwa la pembe nne, kubwa kidogo kuliko mengine. Mzee alikuja nalo kutoka Tanga. Katika miaka ya 1950 alikuwa mmoja wa vijana wa Singida waliosombwa kwa malori kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Tanganyika wakati ule ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, na wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kusajili vibarua, Silabu, ambayo wazee wa bara wanaikumbuka mpaka leo kwa jina. Walipewa kipande, kadi ya kuandikiwa siku za kazi, na mshahara ulilipwa siku 30 zikitimia. Kambini walikuwapo Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde na watu kutoka Burundi na Msumbiji, na jioni wakikutana na Wadigo na Wabondei wenye nchi yao. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha huko, kimenyooka kuliko changu. Bao pia lilikuwa la huko. Alifundishwa, alisema, na Mdigo aliyekuwa akimtukana kwa kila kete. Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni na bei ya mkonge kuanguka katikati ya miaka ya 1960, alirudi Ihanja na baiskeli, sanduku, na bao.

Kete zake zilikuwa komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu na laini, za mti wa miiba unaoota pwani. Lakini miaka thelathini ya wajukuu na kuku haiwezi kuacha komwe zote salama. Zilizopotea zilikuwa zimejaziwa kwa vijiwe, na kimoja kilikuwa cheupe kabisa. Kijiwe hicho kilikuwa mwalimu wangu wa pili. Kila nilipochanganyikiwa nilikitafuta. Asubuhi kilikuwa nyumbani kwangu, kabla ya saa sita kimelala safu ya nyuma ya mzee, halafu kimerudi kwangu, halafu kimekwenda tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema ni chake.

Hakunianzisha na bao la Kiswahili. Alinianzisha na bao la kujifunza, ambalo alilidharau mbele yangu bila aibu: kila shimo kete mbili, zote ziko ubaoni tangu mwanzo, unachukua, unasambaza, ukiishia penye kete na mbele yako pana kete za mwenzio, unakula. “La watoto hili,” alisema, na akanifunga nalo kiangazi chote.

Sikupewa sheria. Nilizoea kitabu: sura ya kwanza namna kila kipande kinavyokwenda, sura ya pili namna ya kumbana mfalme. Mzee alikuwa na sentensi moja tu ya kufundishia, nayo ni “Hiyo haichezwi.” Ningeinua kete za shimo fulani, naye angesema hiyo haichezwi, ningezirudisha. Kwa nini haichezwi? Kwa sababu unaweza kula pale. Siku nyingine nimechukua kete moja tu: hiyo haichezwi, kuchukua kunaanzia kete mbili. Siku nyingine niko mbali kabisa, nimejua kila kitu, halafu kinatokea kitu ambacho sikuwahi kukisikia: sina cha kula, yeye anatishia kula shimo langu moja tu, nataka kulihamisha likakimbie, naye anaweka kiganja juu yake. Hiyo haichezwi. Limetakasiwa.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akitazama alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia njiani kwamba babu anatunga sheria kila anapobanwa. Lakini kutakasia ni sheria kweli, inachezwa hivyo Zanzibar na popote bao la Kiswahili linapochezwa, na ina vighairi vyake ambavyo nisingeweza kuvielewa kama angenipa vyote siku ya kwanza. Sheria ilinifikia siku nilipoihitaji, na kwa hiyo sikuisahau. Nilijaribu mtindo huo darasani kwenye kugawanya kwa mafungu. Tulichimba vishimo chini ya mti, tukasambaza mbegu za alizeti, na nikanyamaza mpaka watoto wenyewe waulize zinazobaki ziwekwe wapi. Kwa kugawanya ulifanya kazi vizuri. Kwa Kiingereza ulishindwa vibaya, kwa hiyo siutangazi kuwa dawa ya kila kitu.

Mwezi Mei mwaka uleule ilitangazwa redioni kwamba kompyuta iitwayo Deep Blue imemshinda Garry Kasparov huko New York, kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu. Nilikimbia kumpasha mzee habari, maana nilidhani itamshangaza. Aliuliza kama mashine hiyo ina mikono. Nikamweleza kwamba hapana, kulikuwa na mtu aliyekaa mbele ya Kasparov akisogeza vipande kwa niaba yake. Mzee akafikiri.

“Na yule bwana alikuwa akimtazama nani usoni?”

Nilichukulia kuwa ni maneno ya mtu asiyejua kompyuta, lakini lilikuwa swali la mchezaji hodari kwa mchezaji hodari. Yeye alipokuwa anacheza nami alitazama ubao kidogo sana. Alinitazama mimi, na hasa macho yangu, kwa sababu mwanagenzi hutazama shimo analotaka kucheza na baadaye lile analoliogopa. Nilipoanza kuficha macho, akaanza kutazama mkono.

Mvua za mwishoni mwa mwaka 1997 ndizo zilizonipandisha daraja. Msimu wa kabla yake nchi ilikuwa na ukame. Sasa ikaja El Niño, na mvua haikukatika mpaka ndani ya 1998. Barabara na reli zilikatika sehemu nyingi za nchi, na kwetu magari yalikuwa yakikwama kabla hata ya kufika barabara kuu. Hakuna aliyekwenda mjini na hakuna aliyekuja. Mzee alizimwaga kete zote, akazipanga upya: sita kwenye lile shimo la pembe nne, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zikabaki mkononi. Akaniambia nipange zangu vivyo hivyo.

Kwa asiyelijua, bao la Kiswahili lina awamu mbili. Ya kwanza ni kunamua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, na kwa kete hiyo unakula au, kama huna cha kula, unatakasa, yaani unasambaza tu bila kula. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, mchezo wa kuchukua kutoka ubaoni. Unashinda ukiimaliza safu ya mbele ya mwenzio, au akibaki na kete moja moja asiweze kwenda popote. Mpangilio wa mwanzo una ujanja wake. Nyumba zenu, yale mashimo ya pembe nne, hazitazamani. Kete zako zote na zake zote zimepishana, kwa hiyo anayeanza hawezi kula. Mmeletwa karibu mkawekwa kando kidogo tu, na anayeanza analazimika kufungua mlango.

Hapo ndipo nilipoona alivyokuwa akinifunga.

Shimo la mwisho la safu ya mbele ni kichwa, na la pili yake ni kimbi. Ukila katikati ya safu, una hiari ya kuanza kusambaza ulichokula kutoka kichwa cha kulia au cha kushoto. Ukila kwenye kichwa au kimbi, hiari inakufa: unaanzia kichwa kilicho karibu, basi. Mzee alikuwa akiacha kete moja, ya bure kabisa, mbele ya kimbi changu. Mimi sina pengine pa kula. Kwa hiyo nakula ile kete, naanzia pale alipotaka nianzie, nakwenda njia aliyotaka niende, nakula nyingine njiani na kufurahi, nazunguka, halafu kete yangu ya mwisho inaangukia shimo tupu na kulala. Nikiinua macho, naona safu yangu ya mbele imejaa mahali ambapo yeye anaweza kula, na imekauka mahali ambapo ningeweza kumjibu. Anaingiza kete moja. Kisha nasikia ule mlio wa komwe kwenye mninga, tako, tako, tako, unazunguka bao bila kukoma, wakati yeye anazungumza na mtu mwingine juu ya mbuzi.

Kwa kete moja alikuwa amenichagulia chakula na njia ya kwenda nacho. Sikuwa nimecheza zamu yangu. Alikuwa ameicheza yeye.

Jibu la kwanza linalokuja kwa mtu aliyelelewa na sataranji ni kujizuia: nisile. Lakini haichezwi. Jibu la pili ni kuhesabu mbali zaidi, na nililihangaikia muda mrefu. Lina mpaka wake. Kwenye sataranji ukisogeza askari, askari amesogea. Kwenye bao zamu moja inaweza kula mara tano, kugeuka njia mara mbili na kubadilisha mashimo karibu yote ya pande mbili, na inajulikana kwamba kuna mipangilio ambayo kusambaza kwake hakuna mwisho. Mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao kwa sababu hiyo hasa, akaandika tasnifu yake Leiden mwaka 1995, na kichwa chake kinataja mipaka ya akili. Mabingwa wale wanahesabu kwa namna inayotisha. Mzee wangu hakuwa bingwa wa Zanzibar, alikuwa fundi wa Ihanja, na sidhani kwamba alihesabu zaidi yangu kwa mbali hivyo.

Alichokuwa nacho kilikuwa kingine, na nilikiona siku nilipoacha kutazama alichokuwa akinitega nikatazama alivyokuwa akiishi mwenyewe. Mimi kwa kawaida nilikuwa na mahali pamoja pa kula, na mara nyingi hapana kabisa. Yeye kila zamu alikuwa na mahali patatu, panne. Amri ya kula ilikuwa juu yake kama ilivyokuwa juu yangu, lakini alichagua amri ipi aitii. Alipokuwa na kete nyingi alizitandaza, moja moja, mbili mbili, safu nzima ya mbele, jambo ambalo mimi nililiona ni udhaifu kwa sababu nilipenda kulundika. Lundo linatia moyo kulitazama. Lakini lundo ni shimo moja, na shimo moja ni mlo mmoja, na mwenye mlo mmoja anaongozwa na anayeujua.

Tangu hapo nimekuwa nikiona jambo hili mahali pengi kiasi cha kuwachosha jamaa zangu. Pale Ihanja nililiona msimu uleule. Kulikuwa na wachuuzi waliopita kununua alizeti ikiwa bado shambani, haijakomaa, kwa bei ya kuhuzunisha. Sisi walimu tulikuwa tukiwasema wakulima waliokubali kuwa hawana subira. Subira gani? Mtoto anaumwa, mbegu zimesombwa na maji, na mtu ana fedha mkononi mlangoni kwako. Ukiweza kula, lazima ule. Nilianza kutazama waliokataa, na sikukuta kwamba walikuwa na tabia njema kuliko wenzao. Walikuwa na kuku wengi, au mbuzi wawili, au dengu kidogo ghalani, au binti anayeshona. Shida iliwafikia kama ilivyowafikia wengine, ila wao waliichagulia mahali pa kuumia. Huwezi kumhubiria mwenye shimo moja kuhusu kuchagua. Nikiwa mkuu wa shule baadaye, mahali pengine, nilipokuwa naletewa mtoro aliyekwenda kuchunga kwa ujira, nilijifunza kuuliza kwanza nyumbani kuna nini kingine, kabla ya kuanza ile hotuba.

Sidai kwamba mzee alikuwa na falsafa hiyo. Alikuwa na mzaha mwingi, na alipenda kushinda kuliko alivyopenda kufundisha. Alipoulizwa na majirani kwa nini anapoteza saa zake na mwalimu asiyejua kitu, alijibu kwamba hata Mwalimu Nyerere anacheza bao huko Butiama, kwa hiyo walimu wote ni lazima wajifunze.

Lililobaki ni nyumba, na hapa sina hakika kwamba nilifundishwa vizuri. Nyumba, lile shimo la pembe nne, ina heshima yake kwenye kunamua. Ikiwa bado ina kete sita au zaidi na haijavunjwa, na ukawa unakula, kete yako ya mwisho ikaangukia humo, unaweza kusimama hapo ukalala, au ukaivunja na kuendelea, yaani nyumba imekwenda safari. Ikishakwenda safari haiwi nyumba tena, ni shimo tu. Na hakuna kinachomzuia mwenzio kuila ikiwa bado imejaa. Nyumba ya kete kumi na kitu ikiliwa, kwa kawaida mchezo umekwisha ingawa mtaendelea kuusukuma kwa adabu.

Mimi nilipenda kuitunza. Niliijaza kila nilipopata nafasi na nikaizungushia ulinzi. Mzee alikuwa akivunja yake mapema sana, wakati mwingine ikiwa na kete saba nane tu, kabla mkono wake haujapungua hata nusu. Nilipomuuliza sababu, kwa mara ya kwanza alitoa jibu lililozidi maneno mawili. Alisema nyumba ukikaa nayo sana unaanza kucheza kwa ajili yake. Kila unachokula unajiuliza kitaidhuru au hakitaidhuru, mwisho wake nyumba ndiyo inacheza na wewe unailinda. Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia jirani, kwamba alipokwenda Tanga baba yake alimwambia atarudi akute boma lake, na alipoondoka Tanga alimwambia Mdigo wake kwamba atarudi. Hilo la pili hakulitimiza. Halafu akala kete zangu nne na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilimshinda kwa mara ya kwanza mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Sikupanga. Nilikuwa nimetandaza safu yangu ya mbele kama yake, mkononi zimebaki kete chache, na zamu ikamfikia akiwa na mahali pamoja pa kula. Pamoja tu, na ni kimbi. Nilijua atakula nini na ataanzia wapi kabla hajanyoosha mkono, na nikaufuata mzunguko wake wote kwa macho mpaka kete yake ya mwisho, ambayo ilikuwa kile kijiwe cheupe, ikalala mahali nilipokuwa naitazama. Naye aliona kwamba nilikuwa natazama pale. Nilipomaliza kumla, alizikusanya kete bila kunipongeza, akasema, “Leo umenilazimisha,” kisha akanifunga michezo yote iliyofuata hadi giza lilipoingia. Watu waliokuwapo walikumbuka ile michezo iliyofuata. Mimi nimebaki na lile neno moja.

Nilihamishwa baada ya muda, nikaenda kusoma, kisha nikaangukia Dar es Salaam. Magomeni kuna kijiwe kimoja cha bao ambacho nilikipita mara nyingi nikitoka kazini bila kuthubutu kukaa. Wachezaji wake ni watu wazima wa pwani, wepesi wa mkono, na watazamaji wana ndimi kali kuliko wachezaji. Siku nilipokaa hatimaye, nilicheza na mtu mnene mwenye kofia, mtulivu, na nilicheza vizuri. Nilitandaza. Niliacha chambo mbele ya kimbi chake, akala kwa kuwa hakuwa na hiari. Nyumba yangu ilipofika kete nane niliipeleka safari.

Kijiwe kizima kikaguna. Yule bwana akasimamisha mkono.

“Kaka, umefundishwa wapi wewe?”

“Singida.”

“Singida gani! Hili bao la mkonge hili.” Akageukia wenzake. “Mmeona anavyovunja nyumba? Babu yangu alikuwa akicheza hivi, wale wa mashambani Muheza. Walikuwa wanacheza saa ya mapumziko, king'ora kikilia bao limekwisha. Hakuna muda wa kulea nyumba.”

Nimelifikiria sana neno lake, na sijalikubali moja kwa moja. Inawezekana kweli kwamba yale niliyoyapokea Ihanja kama hekima ya mzee aliyeona mengi yalikuwa tu haraka ya vibarua wenye nusu saa. Lakini mzee alikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya jioni ndefu za Singida baada ya king'ora cha mwisho, bila mtu wa kumharakisha, na bado aliendelea kuvunja mapema. Mtu anaweza kuanza jambo kwa kulazimishwa na akaendelea nalo kwa kuchagua, na kwa nje huwezi kuona tofauti.

Yule bwana hakungoja nimalize kufikiri. Yeye nyumba yake alikuwa ameilea mpaka sikumbuki ilikuwa na kete ngapi, na aliposafiri nayo ilizunguka, ikala, ikageuka, ikala tena, na safu yangu ya mbele ikaisha nikiwa bado na kete mkononi. Hamna, wakapiga kelele wote. Nikauliza kama naweza kurudia. Akaniambia wanaosubiri ni wengi, nipange foleni nyuma ya yule kijana wa bodaboda, na nikianza tena nisithubutu kuigusa nyumba kabla ya kete kumi. Nilipanga foleni. Nyumba niliivunja ilipofika saba.